Kifungo Chini ya Ngozi

Daktari aliyenipasua alikiita kwa jina refu.
Mimi, fundi cherehani wa Łódź miaka thelathini na minane,
nakiita kifungo:
kiduara chini ya mtulinga wa kulia,
kilichoshonewa ndani, jicho lisikofika.
Na kweli ni kifungo. Miezi sita,
bila msamaha wa rais.

Mara ya kwanza hakikufunguliwa hapa.
Ilikuwa Brzeziny, kwa dada yangu, wiki ya Krismasi,
theluji imeziba barabara.
Muuguzi wa zamu, Żaneta, mpole kama pamba,
akavuta droo, akatwaa sindano ya kutolea damu mkononi,
ile iliyonyooka.
Nilitaka kusema. Sikusema.
Mgonjwa hujifanya mgeni ndani ya mwili wake.

Mara moja. Mbili. Ya tatu ikazama.
Akavuta: damu haikuja.
"Itakuwa sawa," akasema, akasukuma.
Kifua kikaumuka kama unga kando ya jiko.
Yalikuwa maji ya chumvi tu. Nasema "tu"
kwa kuwa sasa najua ile dawa nyekundu
ingekula nini.

Sindano ya jinzi haishoni hariri.
Hilo nilifundishwa nikiwa na miaka kumi na sita,
kwa rula, juu ya vidole.
Sindano ya kawaida hung'oa punje ya mpira kila ipitapo,
tundu juu ya tundu, mpaka kifungo kivuje.
Ile yenyewe ina shingo iliyopinda na ncha iliyogeukia pembeni;
hupasua njia bila kubeba kitu,
na ikitoka, mpira hujifumba.
Nani alimwambia Żaneta?
Walimpa funguo za kabati. Somo hawakumpa.

Leo ni Kinga, miaka ishirini na mitatu.
Nyuma yake Otylia, mikono mgongoni.
Barakoa kwake, barakoa kwangu.
"Geuza uso, Bi Bogumiła."
Nageukia dirisha, dohani la kiwanda cha pamba
lisilotoa moshi tangu nilipoolewa.
Anasugua. Anasubiri pakauke.
Kusubiri nako ni kazi; asiyejua hupuliza.

Kisha glavu yake ikagusa blanketi.
Mguso wa nzi.
Otylia alikuwa akitazama dripu, hakuona.
Mimi niliona.
"Nimechafua," Kinga akasema. "Naanza upya."
Akavua, akatupa, akararua pakiti nyingine,
na hapo, kabla ya sindano,
ndipo kifua changu kilipofunguka.

Vidole vyake vikakibana kifungo kisikimbie.
"Vuta pumzi."
Akashuka wima, bila kusitasita,
hadi chuma kikagonga chini: tik,
nikaisikia mfupani.
Akavuta. Damu ikaja,
nyekundu, yangu, imeitika.
Ndipo akasukuma: kidogo, simama, kidogo, simama,
na ladha ya chumvi ikanipanda ulimini.

Usiku huu silali. Dawa hunipa macho ya bundi.
Nimekata ngozi laini ya mkoba kuukuu,
nimejaza sufi, na chini yake nimeshona
kifungo cha koti la Zenon,
kile kikubwa, kinachoteleza ukikishika ovyo.
Kesho kitapanda basi kwenda Brzeziny,
pamoja na karatasi ya Otylia
na sindano tatu zenye shingo iliyopinda.

Żaneta, sikutumii lawama.
Tafuta kwa vidole kwanza, umefumba macho.
Toboa, kosea, toboa tena; sufi haivimbi.
Alhamisi uje huku, Otylia nimeshamwambia,
naye si mtu wa kungojeshwa.

Koti la Zenon limepungukiwa kifungo kimoja.
Mwenyewe hatauliza.
Wewe fanya mazoezi.